Mtani Aliyeingia Msibani kwa Adabu

Nyinyi mlionikuta forodhani nikiuza nta, uso umenivimba na mikono imejaa alama za nyuki, mliniuliza swali moja, kila mtu kwa maneno yake: una wazimu? Nilicheka nikasema nina haraka. Kweli nilikuwa na haraka, kwa sababu hata sasa sipendi kukaa mji huo muda mrefu. Nimeshafika nyumbani, na nyumbani siku hizi ni huku mlimani. Mvua inanyesha, hakuna kazi ya nje, basi nimeona niwaandikie yote tangu mwanzo, ili mwache kunihurumia.

Kazi niliyokuwa nayo mnaijua. Nilikuwa mkalimani wa boma, boma gani sina haja ya kulitaja. Mlikuwa mkinionea wivu kwa koti la vifungo vya shaba na viatu. Lakini hamkusimama pale niliposimama mimi, mkono wa kushoto wa Bwana Shauri, yule Mjerumani mwamuzi wa kesi, tangu asubuhi hadi jua kuwa kali, mashauri yakiletwa moja baada ya jingine. Bwana akikasirika alinikasirikia mimi kwanza, kwa kuwa ndimi niliye karibu. Mshitakiwa naye alinichukia mimi, kwa kuwa hukumu ilitoka kinywani mwangu. "Bwana anasema utapigwa hamsa ishirini." Viboko ishirini na tano, ndiyo maana yake. Bwana alikuwa ameshasema zamani kwa Kijerumani, na yule mtu hakumsikia. Alinisikia mimi. Kisha kiboko kilianza pale uani, nami nilitakiwa kusimama wima nisubiri shauri la pili.

Ikafika hali chakula hakishuki. Mtu akiita jina lolote barabarani, moyo wangu unaruka. Nilianza kuogopa neno lenyewe: je, nikikosea moja? Kuna mtu atalala chali mwezi mzima kwa kosa la ulimi wangu.

Wakati huo nilikuwa nimezoeana na Mloka, Mluguru mmoja mfanyabiashara wa nta, ambaye kila akija mjini alifikia nyumba niliyokuwa nimepanga. Alikuwa akilalamika kwamba mjomba wake, Mzee Kobero, ana mizinga ya nyuki msitu mzima lakini vijana wote wamechukuliwa kwenye kazi za reli na mashamba ya katani, hakuna wa kumsaidia. Siku moja nikamwambia baba yangu alikuwa mrina asali kwao Unyamwezi kabla hajawa mpagazi. Mloka akacheka, akasema, "Basi njoo." Sidhani kama alitarajia ningekwenda.

Bwana wangu alirudishwa kwao Ulaya, na katika kile kipindi cha kumsubiri mwingine nikaomba ruhusa nikaipata. Hayo ya makaratasi nayaruka.

Kutoka Dar es Salaam hadi penye mchanga

Nilipanda gari la moshi alfajiri, na sanduku langu la bati. Nilikaa katika behewa la wazi pamoja na watu wa kawaida, sikutaka kuonekana. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, Bi Zena, anapeleka papa mkavu kuuza Morogoro. Harufu ya papa mnaijua. Lakini alikuwa na roho nzuri, na kabla hatujauacha mji vizuri alikuwa ameshanikatia kipande cha papa na muhogo wa kuchoma, ananiambia, "Kula, mwanangu, umekonda kama mtu aliyelogwa."

Nikala. Nawaambia kweli, kilikuwa chakula cha kwanza kushuka vizuri baada ya siku nyingi. Tukaongea habari za bei ya samaki, na za binti yake aliyeolewa Morogoro na mume mvivu. Hakuniuliza kazi yangu. Nikaanza kufikiri kwamba huenda mtu anaweza kuacha kazi kama anavyovua shati.

Kwenye kituo kimoja njiani akapanda askari. Nilimtambua kabla hajaniona. Anaitwa Farahani, mrefu, mwenye mvi kidogo, alikuwa zamu ya lango katika boma letu kabla hajahamishiwa Morogoro. Nikageuza uso nikaangalia nyika. Gari likaenda, likaenda, kisha likapiga kelele likasimama katikati ya pori.

Mvua ya usiku uliopita ilikuwa imeshusha mchanga juu ya reli. Mzungu mkuu wa gari akashuka, akatembea kando ya mabehewa akifoka Kijerumani. Watu wakamtazama tu. Akafoka zaidi, uso umekuwa mwekundu, na mimi nilielewa kila neno, nikainamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya sanduku.

"Mkalimani!" ilikuwa sauti ya Farahani. "Mkalimani si huyo hapo! Simama, bwana, Mzungu anaongea peke yake."

Miguu yangu ilisimama kabla mimi sijaamua. Nikashuka nikajikuta nipo palepale, kushoto kwa Mzungu, mikono imenyooka mapajani. Akasema, nami nikasema: wanaume wote washuke waondoe mchanga kwa mikono na kwa sahani za kulia, na atakayekataa ataachwa hapa porini na simba. Habari ya simba ilikuwa yake, si yangu. Lakini nilivyoona macho ya watu, simba walikuwa wangu.

Walifanya kazi hadi jua likaanza kuinama. Niliporudi kukaa, Bi Zena alikuwa amelihamishia kapu lake upande wa pili. Hakunitukana. Aliniita "bwana" mara mbili, na "mwanangu" halikusikika tena. Nilitamani kulia mbele ya watu.

Farahani akaja kukaa mahali kapu lilipokuwa. Alikuwa na furaha ya kweli kuniona, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Mungu mkubwa," akasema. "Mkalimani wetu wa Morogoro yuko kitandani na homa, hawezi hata kukaa. Bwana anatutukana kila siku kama sisi ndio tuliomtia homa. Kesho asubuhi nitamwambia umekuja. Utapata kazi kabla hujapata mahali pa kulala!"

"Mimi nimeacha kazi, Farahani. Nina ruhusa."

"Ruhusa ya boma lenu," akasema, akanipiga begani. "Hili ni boma jingine."

Morogoro, nyuma ya tanuri

Mloka alikuwa ameniahidi kunipokea kituoni. Gari liliposimama nilishukia upande wa nyuma, mbali na macho ya Farahani, nikajibanza kwenye marundo ya kuni za gari nikiangalia kila kichwa. Mloka hayupo. Watu wakapungua, kituo kikabaki na kuku wawili na mimi. Milima ilikuwa imesimama juu ya mji, nusu yake ndani ya mawingu, na sikujua hata njia ya kuipandia ilianzia wapi.

Hofu ilinishika. Nikawaza kwamba Mloka amenidanganya. Nikawaza tena, mabaya zaidi, kwamba ameniuza: huenda mahali fulani amewaambia watu, "Yule msema hukumu anakuja, mngojeni." Watu wa milimani nao wamewahi kupigwa viboko.

Nilifuata harufu ya mikate. Mwanamke anayeitwa Bi Hadija alikuwa na kibanda karibu na soko, anaoka mikate ya kumimina. Nikanunua, nikamuuliza kama anamfahamu Mloka wa nta.

"Mloka namjua. Amepanda kwao," akasema. "Amefiwa. Mjomba wake, yule mzee wa asali, wamemzika juzi."

Mtu niliyekuwa nakwenda kumfanyia kazi alikuwa ameshazikwa, wala hakuwahi kunijua hata kwa jina. Nikafikiri: nirudi Dar es Salaam kufanya nini? Nibaki hapa, nikapelekwe kushoto kwa Bwana mwingine? Bi Hadija alikuwa akiniangalia na mkate wangu usioliwa mkononi.

"Wewe ni nani yake?"

"Si ndugu. Nilikuja kumsaidia kurina."

Akaangalia vifungo vyangu vya shaba. "Kwa koti hilo?"

Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alinionyesha pa kulala nyuma ya tanuri, kwenye kuni, akasema koti nilivue nilitie sandukuni kwa kuwa linaita macho ya watu. Usiku nauruka, sikulala, hakuna cha kusimulia.

Asubuhi, baada ya tarumbeta ya boma kulia, nikasikia sauti ya Farahani mbele ya kibanda. Kati yake na mimi palikuwa na ukuta wa udongo tu.

"Umemwona mtu mwembamba, ana sanduku la bati? Mkalimani. Bwana anamtaka leo."

"Watu wanakuja hapa kula mikate," Bi Hadija akasema. "Siwaulizi kazi zao. Unataka wa nazi au wa kawaida?"

Akanunua wa nazi. Nilimsikia akiutafuna. Alisimama pale akitafuna hadi nikafikiri ataumaliza mwaka mzima, mimi nimeziba pua kwa sababu majivu yalinitaka kupiga chafya. Alipoondoka, Bi Hadija akazunguka nyuma akanikuta nimekaa sakafuni jasho linanitiririka.

"Mtu akikimbia hivi, ameua au ameiba," akasema.

"Sijaua. Sijaiba. Wanataka kunipa kazi."

Alicheka hadi akashika tanuri likamuunguza kidole. Kisha akaniita tuwaone wanawake watatu wa mlimani waliokuwa wameteremsha ndizi sokoni na sasa wanarudi na makapu matupu. Akawaambia wanifikishe kwa kina Mloka.

Njia ya wabeba ndizi

Mimi nilidhani mlima unapandwa kwa kuzunguka polepole. Hawa wanawake walipanda moja kwa moja, kama watu wanaopanda ngazi, huku wanaongea na kucheka. Njia yenyewe ni udongo mwekundu wenye utelezi, upande mmoja migomba na mashamba ya maharage yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, upande wa pili hakuna kitu. Ukichungulia unasikia maji ya mto huko chini lakini huyaoni. Nilivua viatu. Nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, na sanduku kila mara likinigonga utosini.

Kila tukifika mahali peupe niligeuka kuangalia nyuma. Mji ulikuwa umeshakuwa mdogo, na kwenye njia chini yetu sikuona mtu, lakini zipo kona nyingi.

"Unamtazama nani?" akaniuliza mmoja wao, mwenye pengo la meno ya mbele, msemaji kuliko wenzake. "Mkeo?"

"Natazama mandhari."

Wakacheka tena. Tulipumzika kwenye jiwe, wakatoa magimbi ya kuchemsha na chumvi, wakanigawia. Ubaridi ulikuwa umeanza, ukungu ukishuka kutufuata. Yule mwenye pengo akaniuliza, "Wewe kabila gani, mgeni?"

Nikapima jibu, kama nilivyozoea kupima kila neno. Kusema mtu wa pwani kunaweza kuleta maswali. Nikaona kabila la baba lina usalama, ni la wapagazi, halihusiani na boma.

"Mnyamwezi," nikasema.

Wote watatu wakaacha kutafuna. Wakatazamana. Kisha yule mwenye pengo akapiga ukelele mrefu ambao mlima uliurudisha, akanyakua sanduku langu, akalibandika kichwani, akakimbia nalo kupanda. Wenzake wakamfuata wakipiga vigelegele, na kabla sijasimama sawasawa ukungu ulikuwa umewameza.

Nilibaki na kipande cha gimbi mkononi. Nikapiga kelele, nani ajibu? Nguo zangu zote zimo mle, na koti, na koti likifunguliwa watajua mimi ni nani. Mbele wezi, nyuma askari, kushoto shimo. Nikapanda kwa mikono na miguu, nikifuata vigelegele, nikijilaumu kwa kila hatua kwa nini sikubaki nimesimama tu pale uani, mahali ambapo angalau nilijua nani atanidhuru.

Matangani

Nilisikia vilio kabla sijaona nyumba. Ukungu ukafunguka kidogo nikaona uwanja, nyumba za nyasi, wanaume wamekaa upande mmoja na wanawake upande wa pili. Palikuwa kwa Mzee Kobero. Sanduku langu lilikuwa katikati ya uwanja, limefungwa bado, na yule mwenye pengo kalikalia.

Sikuthubutu kulidai. Nikafanya nilivyofundishwa kufanya mbele ya watu wazima na mbele ya msiba. Nikavua kofia, nikanyoosha mgongo, nikawaendea wazee mmoja mmoja nikiwapa mkono kwa adabu kubwa. "Shikamoo. Poleni kwa msiba. Mungu amrehemu marehemu. Shikamoo. Poleni kwa msiba." Kila nilipopita, watu walinyamaza. Nilipomaliza, uwanja mzima ulikuwa kimya.

Akasimama mwanamke mmoja mzee, mfupi, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Baadaye nilijua ni Mama Mloka, dada wa marehemu.

"Huyu ndiye Mnyamwezi?" akauliza.

"Ndiye," akasema mwenye pengo. "Kajitaja mwenyewe."

"Mkamateni."

Wakanikamata. Si mzaha, mikono ya watu wanaolima mlima ni kama koleo. Wakanifunga kwa kamba za mgomba, wakanipigisha magoti. Mama Mloka akaletewa kinu, kikapinduliwa, akakikalia. Mtu akamvika nusu ya kibuyu kichwani mfano wa kofia ya Kizungu, mwingine akamchora masharubu kwa masizi. Yule mwenye pengo akaenda akasimama kushoto kwake, kifua mbele, mikono imenyooka mapajani.

Hii kazi ninaijua. Yule kushoto nilikuwa mimi.

Mama Mloka akabweka sauti zisizo na maana, kwa ukali. "Bwana anasema," akatangaza mwenye pengo, na hata ile namna yangu ya kutazama juu ya vichwa vya watu ilikuwepo, "bwana anasema wewe na baba zako mmepita nchi yetu na mizigo tangu zamani, mkila ndizi zetu bila kuaga. Unakubali?"

Mama Mloka akabweka tena, mara hii kidogo tu. Mwenye pengo akaeleza kwa maneno mengi sana, na watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilijua sasa kwamba wananijua, kwamba Mloka ameniuza, na kwamba kila aliyepigwa kwa sauti yangu ana ndugu uwanjani hapo.

"Bwana anasema: hamsa ishirini!"

Mtu mmoja akaja na bua la mgomba. Nikaona kivuli chake kimeinuka, nikalia. Sisemi machozi yalinitoka. Nililia kwa sauti, nikasema, "Sikumpiga mtu! Mimi nilikuwa nasema tu! Wallahi nilikuwa nasema tu!"

Kicheko kikakatika. Bua likashushwa. Mama Mloka akavua kibuyu, akanijia, akaniinua kidevu kwa mkono wenye masizi, akaniona natetemeka kweli.

"We Mnyamwezi," akasema taratibu, "baba yako hakukufundisha kitu? Wewe ni mtani wetu. Ndugu yangu amekufa, tangu tumzike tunalia tu, hakuna mtani wa kutumwagia majivu, hakuna wa kutuambia tunalia kwa sababu ya urithi, hakuna wa kutuchekesha. Leo Mungu anatuletea mtani kutoka kwenye ukungu, tunafurahi, halafu anapita anatupa mkono: poleni, poleni, shikamoo. Mtani gani anaingia msibani kwa adabu?"

Ndipo nilipokumbuka. Baba, jirani yetu Mluguru alipofariki, aliingia msibani akiwa amevaa gunia, akawaambia wafiwa maiti ameamka anadai ugali, na wafiwa wakacheka huku wanafuta machozi. Nilimwonea haya siku ile. Boma lilikuwa limenifundisha kusimama wima hadi nikasahau kwamba Mnyamwezi hasimami wima mbele ya Mluguru.

"Kwa hiyo hamnijui?" nikauliza.

"Tukujulie wapi?"

Nikamnong'oneza, maana hofu moja ilipotoka nyingine ilibaki. "Bibi, kuna askari ananifuata. Ananirudisha kwenye kazi."

"Kazi gani?"

Nikamwonyesha kwa macho yule mwenye pengo, aliyekuwa bado kasimama kushoto mwa kinu. "Hiyo."

Mama Mloka aliniangalia, na mimi nikaona amechukia, nikafikiri sasa ndipo nitapigwa kweli. Mara mtu mmoja aliyekuwa ukingoni mwa uwanja akasema kuna askari anapanda, yuko kwenye migomba ya chini.

Akageuka haraka kuliko umri wake. Akatoa amri kwa Kiluguru. Nikamwagiwa kikapu kizima cha majivu, kichwani, usoni, kifuani. Nikafunikwa kaniki mabegani. Na yeye mwenyewe akachukua ndizi ya kuchemsha, akaimenya, akaishindilia yote kinywani mwangu.

Farahani akatokea anahema, tope hadi magotini. Akanyanyua mkono. "Poleni. Namtafuta mkalimani, mtu mwembamba, walimwona sokoni anapanda na wanawake. Yuko wapi?"

Wote walimwangalia kama watu wanaoangalia mvua.

"Nani hapa anajua Kiswahili?"

Mama Mloka, aliyenishitaki kwa Kiswahili safi muda mfupi uliopita, akamjibu kwa Kiluguru, maneno mengi, akionyesha kaburi, akionyesha mbingu. Farahani akauliza tena polepole. Akajibiwa tena, maneno mengi zaidi.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kifungo chake kimoja kimelegea. Na nawaambia kitu cha aibu: kinywa changu kilitaka kusema. Kiluguru sikijui, lakini kila alipomaliza sentensi ulimi wangu ulijiandaa wenyewe, "Bwana anasema," na kama si ndizi ile ningejimaliza. Watu wawili wamesimama hawaelewani, na mimi nipo katikati kimya. Haijawahi kutokea tangu niajiriwe.

Akanigeukia mimi. "Na huyu?"

Aliniangalia machoni. Ndizi ilikuwa imefika kooni na machozi yananitoka, yanachora mistari kwenye majivu. Mwenye pengo akamjia Farahani na kikapu kipya cha majivu, anacheka, na wenzake nyuma yake, na wote wakamzunguka kwa ukarimu mkubwa.

Farahani akarudi nyuma. "Hapana! Hapana, mama zangu, nguo za serikali!" Akajikung'uta kabla hata hajaguswa. Yeyote aliyekaa boma anajua Bwana hukagua nguo asubuhi. Mama Mloka akamwonyesha kwa mkono mgongo wa mlima wa mbali, upande wa pili wa bonde, na Farahani akautazama ule mlima, akatazama miguu yake, akashuka alikotoka.

Nikatema ndizi. Nikaomba maji, nikanywa, kisha nikawaambia wafiwa kwa sauti kubwa kwamba Waluguru ni wachoyo hata wa ndizi, wanamlisha mgeni moja tu. Utani wenyewe ulikuwa dhaifu. Walicheka hadi Mama Mloka akakaa chini kando ya kinu, na kicheko chake kikageuka kilio cha ndugu yake, na hakuna aliyemzuia.

Kamba

Mloka alirudi jioni na mzigo wa kuni za msiba, akanikuta mweupe wa majivu. Aliniomba radhi kwa kutonipokea. Nikamsamehe, nikamwambia kuni zake mbichi kama yeye.

Nikakaa nao hadi siku ya kuondoa matanga. Vitu vya marehemu vikatolewa uwanjani: mundu wake, blanketi, shoka, kibuyu cha asali, na kamba ya ngozi ya kupandia miti. Wapwa wake walikuwa wamekaa tayari kugawana. Lakini kwanza ilikuwa zamu yangu. Mtani hunyakua kitu kimoja, ndugu humwomba akirudishe, wanakikomboa kwa kuku au mbuzi, watu wanacheka, kazi ya mtani imekwisha na anakwenda zake.

Nikanyakua kamba.

"Jogoo," akasema Mloka, kwa mchezo.

Nikakataa kwa kichwa.

"Jogoo na kibuyu cha asali."

"La."

"Haya, mbuzi! Wanyamwezi nyinyi hamshibi!"

Watu wakacheka. Nikasema, "Sikomboleshi. Nakaa nayo." Kicheko kikapungua, kikaisha. Mzee mmoja akanieleza, kana kwamba sikuelewa, kwamba aliye na kamba ya mrina ndiye mwenye kupanda kwenye mizinga yake, na kwamba hapajawahi kuwa na mtani asiyekubali kitu kikombolewe.

"Naelewa," nikasema. "Ndicho nilichokuja kufanya."

Wazee wakanong'onezana. Wapwa wakatazamana, na sikuona hata mmoja aliyenyoosha mkono kuitaka ile kamba. Hilo lilinishangaza. Mama Mloka akaniuliza mbele ya wote, "Umeulizia ndugu yangu alikufaje?"

Sikuwa nimeuliza. Bi Hadija alisema mzee, na mimi nikachukulia ni uzee.

"Alianguka," akasema. "Na hiyo kamba alikuwa ameivaa."

Nikaiangalia. Upande mmoja ngozi ilikuwa imechanika, imeshonwa upya. Nikapitisha kidole juu ya ule mshono, mbele ya watu wote. Mama Mloka akangoja. Nadhani kama ningemtajia mbuzi wakati ule angenipa, wala asingenidharau.

Nikaikunja nikaivaa begani.

Mloka alinipeleka msituni matanga yalipokwisha na mvua ilipotulia. Mti alionionyesha sikuuona kilele chake, ulikuwa ndani ya ukungu, na mizinga ilikuwa huko huko. Nilizungusha kamba kwenye shina na kiunoni, nikafunga, nikafungua, nikafunga tena. Nilipanda kidogo nikasimama, nikapanda kidogo nikasimama. Nyuki waliniona kabla sijawaona. Nilimsikia Mloka chini akisema nisitazame chini, nami nikatazama. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa kuliko siku yoyote bomani. Lakini kule chini palikuwa na majani tu, na Mloka amenyanyua uso, na hapakuwa na mtu anayelia kwa neno nililolisema.